Kura ya Nne

Usiku wa jana niliota kwamba nyumbani kwangu kuna uchaguzi, nami nikapiga kura kwa moyo mmoja, Mungu anisamehe.

Kwanza mnijue. Mimi ni shabiki wa Mheshimiwa, tena si wa kubahatisha. Uchaguzi wa rais ni Jumanne ijayo, na tangu kampeni zianze sijakosa mkutano hata mmoja. Picha yake iko ukutani sebuleni, pale palipokuwa na picha yetu ya harusi. Mama Wakesho aliponiuliza ya harusi iko wapi, nilimwambia itarudi tukishaapishwa. Alivumilia, akachoka. Wiki ya pili sasa hanisemeshi.

Basi, katika ndoto natoka kuoga, nakuta foleni sebuleni. Mbele yuko sufuria kubwa, nyuma yake kiti changu, halafu jogoo, halafu mlango wa mbele, ambaye amejing'oa kwenye bawaba na kusimama kwa adabu. Mwisho wa foleni wako mke wangu na binti yetu Wakesho, mwenye miaka tisa. Redio ndiye msimamizi wa kituo. Amevaa koti la kung'aa.

"Tunachagua nini?" namuuliza.

"Baba wa nyumba hii. Wagombea ni wewe na Mheshimiwa pale ukutani."

Nikacheka. Picha haikucheka, ilikuwa inatabasamu tangu Januari.

"Fulana za chama haziruhusiwi kituoni," redio anasema. Navua. Chini yake kuna nyingine. Naivua hiyo, kuna ya tatu. Ya nne inagoma, navuta, naumia: lo, ni ngozi yangu, ya pinki kama fulana za chama, imeandikwa HADI IKULU. Redio akaitazama, akaniandikisha kuwa wakala wa Mheshimiwa.

"Na wakala wangu mimi ni nani?"

"Hukuleta."

Nikaanza kuomba kura kwenye foleni. Sufuria akanikata kauli. "Ulinipeleka kupika pilau ya mkutano ukanitelekeza huko siku nne. Nenda zako." Kiti akasema kila taarifa ya habari anapigwa ngumi yeye. Jogoo alisema vuvuzela yangu imemharibia kazi, na akaomba asiulizwe zaidi.

Naingia kwenye kibanda cha kupigia kura, kumbe ni darasa la Wakesho. Ni ile siku ya wazazi niliyoenda uwanjani kumpokea Mheshimiwa. Wazazi wenzangu wote wamekaa, na kiti kimoja ni kitupu. Jina langu limeandikwa juu yake kwa chaki, kwa mwandiko wa mtoto.

"Soma kwanza, Baba," karatasi ya kura ikaniambia.

Nisome nini? Miezi minane nimewafundisha watu mahali pa kuweka alama. Mkono wenyewe unajua njia. Nikaweka alama, nikakunja, nikatumbukiza, nikapiga mluzi. Redio akanichovya kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye wino.

Matokeo aliyasoma kwa ile sauti yake ya matangazo ya vifo. "Mheshimiwa, kura nne. Baba Wakesho, kura tatu."

Nikaruka juu. "Tumeshindaaa!" Nilikuwa bado hewani nilipoelewa. Moyo ulinilipuka paa!

"Mimi nilikupigia," mlango akasema kwa upole. "Huwa unanifunga taratibu mtoto akilala." Wakambandika fomu ya matokeo kifuani, kwa kuwa matokeo hubandikwa mlangoni.

Mke wangu anahesabu kwa vidole. Sufuria, kiti, jogoo. Tatu. Anarudia. Anatafuta ya nne ni ya nani, na mimi naficha mikono nyuma.

"Napinga matokeo!" nikapiga kelele.

"Wakala wako wewe hakuwepo, na wa mshindi ametia sahihi," redio akasema, akanionyesha sahihi yangu.

Picha ikashuka ukutani, bapa hivyo hivyo, ikaketi mezani mahali pangu. Mke wangu akaipakulia ugali. Wakesho akaisogelea na daftari.

"Baba," akaiambia, "nisaidie hesabu."

Baba! Aliiita Baba, jamani, nikiwa hapo hapo!

"Suala hilo tunalishughulikia," picha ikamjibu.

Nataka kusema baba yako ni mimi, midomo haifunguki. Nataka kumfuata, miguu sina. Niko ukutani, msumari mgongoni, natabasamu.

Jogoo akawika, nikaamka nimelowa jasho. Kumekucha. Nikatazama mkono wa kushoto: kidole kidogo kina wino mpaka kwenye kucha. Nikakitia mate, nikakisugua kwa shuka. Wapi! Na kupiga kura ni Jumanne.

Nilikimbilia sebuleni, nikamteremsha Mheshimiwa, nikaivuta picha ya harusi kutoka nyuma ya kabati. Nilikuwa naifuta vumbi Mama Wakesho alipoingia na chai. Alikiweka kikombe mezani bila haraka, nami nikakiona kidole chake, cheusi mpaka kwenye kucha. Naye akakiona changu.

"Baba Wakesho," akasema, neno lake la kwanza kwangu kwa wiki mbili. "Mimi na mtoto tulikupigia wewe. Wewe ulimpigia nani?"