Mkongwe wa Kauri

Fundi cherehani aliwekewa nyonga ya kauri angali mwanamke kijana, binti yake akiwa bado ananyonya. Mfupa ulikuwa umekosa damu ukafa. Majirani wakanong'ona: kauri si ndiyo ya vikombe? Akianguka je? Lakini miaka ilikatika, binti akakua akaolewa, na mama bado anakanyaga cherehani kutwa.

Sasa aliyeumwa nyonga alikuwa mumewe, seremala. Alianza kwa kuchechemea, mwisho hata kuinama kuokota msumari ikawa kazi. Akiambiwa hospitali, anajibu, "Uzee huo, mama watoto. Dawa yake kuzoea."

Siku mkewe alipokwenda kupimwa nyonga yake ya kauri, alimvuta naye. "Nisindikize tu."

Daktari, mama mmoja mcheshi, aliwaonyesha picha. Mfupa ulikuwa umeikumbatia ile nyonga kama vitu vilivyozaliwa pamoja.

"Haijalika hata kiasi cha kuonekana," alisema. "Si zote huwa hivi. Zipo zinazolia mtu akitembea, na chache huvunjika. Lakini hii, mama, huenda ikatuzika sote."

Seremala aliitazama picha kwa jicho la mtu anayekagua kiungo cha mbao. Wakatoka, wakakaa kwenye benchi nje.

"Siogopi kisu," alisema polepole. "Siku ile ulipoingizwa chumba cha upasuaji, nilibaki mlangoni na mtoto analia, sina la kumpa. Nilionja kukukosa. Sitaki na wewe uonje."

"Kumbe miaka yote umeliweka hilo moyoni?" Mkewe alimshika mkono uliojaa sugu. "Mimi naonja kila usiku, baba watoto. Ukijigeuza kitandani unauma shuka nisisikie. Nasikia. Afadhali hapo mlangoni, mara moja yakaisha."

Mzee aliinamisha kichwa. Akafuta macho kwa kiganja, akasingizia vumbi la mbao, na hapo hapakuwa na mbao.

Wakarudi ndani kwa daktari.

Seremala alipasuliwa kabla ya msimu wa mvua, naye akawekewa nyonga ya kauri. Wiki zilizofuata, majirani waliwaona asubuhi wakielekea karakana, yeye na mkongojo, mkewe hatua moja mbele.

"Punguza mwendo," seremala alilalamika.

"Jikaze, bwana. Mimi mkongwe wa kauri, wewe mgeni. Mgeni hufuata mwenyeji."

Akamfuata, akicheka.