Mashine ya Wageni

Mashine ya mwanga ilipofika wodi ya watoto ilipokewa kwa hotuba tatu, kisha ikafungiwa kabatini ofisini kwa daktari mkuu, nailoni yake haijabanduliwa. Kazi yake ilikuwa kuwamulika watoto midomoni, ili vidonda vinavyoletwa na tiba ya mionzi vipoe. Lakini mkuu alikuwa mtu wa kuona mbali: mashine ikitumika itachakaa. Watoto wao, bila shaka, hawachakai.

Habari hizo nesi alimnong'oneza Mama Kasuku, fundi cherehani. Binti yake wa miaka saba aliitwa Kasuku kwa domo lake, maana akianza kuzungumza hata majirani walifunga madirisha. Sasa, kwa vidonda vya mdomoni, wiki nzima hakuwa amesema neno. Hata maziwa yalimchoma. Na asipokula angekonda, na akikonda, kinyago cha plastiki kinachomshika kichwa asitikisike wakati wa mionzi kingempwaya. Jicho la fundi lilishaona kwamba kati ya kinyago na shavu kidole kinapita.

"Akipungua tena, mama, itabidi tusimamishe tumtengenezee kingine," mtaalamu wa mionzi alimwambia. "Siku zitapotea, na uvimbe hausubiri."

Mama akaenda kwa mkuu, mara ya tatu hiyo.

"Mashine ipo, mama, tena ya kisasa kabisa," mkuu alisema kwa fahari. "Tunasubiri wageni waje kuizindua. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, daktari. Hasa yakiwa matupu."

Alhamisi wageni wakaja na mpiga picha wao. Mkuu alikwisha chagua mtoto wa kumulikwa mbele yao: mmoja aliyekuwa akitibiwa goti, meno meupe, mdomo hauna hata kipele. Vidonda, alimweleza nesi, havipendezi kwenye picha.

Mama Kasuku hakubisha. Alimshika binti yake mkono, akapenya katikati ya suti na manukato, akamkalisha kwenye kiti kilichowekwa mbele ya mashine kabla yule wa goti hajafika.

"Fungua mdomo, mwanangu."

Kasuku akafungua. Mpiga picha akashusha kamera. Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, akainama akachungulia, uso ukambadilika.

"Huyu amemulikwa siku ngapi?"

Mkuu akakohoa. "Ndiyo kwanza anaanza."

"Basi aanze. Na iwe kila siku, mpaka amalize mionzi."

Nailoni ikabanduliwa. Nesi akamvika Kasuku miwani ya kukinga macho, akammulika ndani ya mashavu, midomo, ulimi, kidogo kidogo. Dakika chache tu, wala hakulia. Dakika chache! Mama alizihesabu siku ambazo mashine ilikaa kabatini.

Siku ya nne Kasuku alimaliza kikombe cha maziwa. Siku ya sita alikula yai, akalalamika kwamba limepoa. Kesho yake mtaalamu akafunga kinyago, akakagua kila upande, akasema kinatosha, tiba iendelee. Mama akaegemea ukuta wa korido akalia bila aibu.

Mkuu akapita, akamgusa bega.

"Unaona, mama? Nilikwambia mashine yetu ni nzuri."

Maneno yakamjaa kinywani, makali kama mkasi wake. Lakini zilibaki siku kumi na mbili za mionzi, na ufunguo wa kabati ulikuwa bado mfukoni mwa mkuu.

"Nimeona, daktari," akasema. "Ahsante sana."