Pumzi ya Abeli

Magodoro yaliyoegemezwa kwenye kuta za chumba kile cha kurekodia muziki, mtaani Miyuji, yalimeza kila mwangwi ambao Ruthu hakuuomba. Aliouomba ulikuwa mmoja tu. Kwenye spika, marehemu kaka yake Abeli aliimba rege. Ruthu akaliachia neno la mwisho la mstari lijirudie, likafifia kama mtu anayeshuka bondeni, kisha besi ya kompyuta ikajaa mahali pake na kutikisa bati.

“Hiyo ndiyo dabu, rege ya mwangwi!” Ludovick, aliyeiunda besi hiyo, alitamba. “Mwimbaji anaondoka, kivuli chake kinabaki. Dada, hii itaamsha hadi waliolala Haneti.”

Akang'ata ulimi. Abeli alizikwa Haneti, na mama yake na Ruthu alikuwa amesimama mlangoni.

“Mbukwenyi,” alisalimu kwa lugha ya kwao, vumbi la safari likiwa bado kwenye khanga.

“Shikamoo, mama,” Ludovick alinong'ona.

“Marahaba. Niwekeeni mwanangu. Nataka nimsikie kabla watu wa arobaini hawajamsikia.”

Alisikiliza kiganja kikiwa juu ya spika, kama anayepima homa ya mtoto. Wimbo ulipoisha, aliondoa kiganja.

“Ni mzuri. Ila pumzi yake iko wapi?”

“Pumzi?” Ruthu aliuliza.

“Ile ya kabla ya kila mstari. Hiii, kama mlango mbovu. Wimbo huu kautungia jikoni kwangu. Tangu mchanga, usiku nalala nikiitegea sikio. Nikiisikia, najua yupo.”

Pumu ndiyo iliyomchukua Abeli. Wakati wa kuhariri, Ruthu aliona mikwaruzo ile inachafua ukimya unaotangulia kila mstari, akaifuta mmoja baada ya mwingine kwa ustadi aliojivunia, kisha akahifadhi kazi juu ya rekodi ya awali. Nakala nyingine haikuwepo.

“Nimeisafisha, mama.”

“Basi irudishe.”

“Hairudi.”

Mama hakulia. “Piga tena,” alisema.

Besi ikapanda, ikakatika. Ukafunguka ukimya mtupu, ule ambao Ruthu aliusafisha kwa mikono yake mwenyewe. Ndani yake mama akavuta pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo kama wa mwanawe, kisha sauti ya Abeli ikaingia. Kabla ya mstari uliofuata, mama akavuta tena. Hakukosea hata mara moja.

Kipaza sauti kilikuwa mbele ya mama. Kidole cha Ruthu kilikaa juu ya kitufe cha kurekodi. Hakikubonyeza. Hakikuondoka.