Kiti Chenye Tundu

Mtaro wa maji machafu ulikuwa umeahidiwa kampeni baada ya kampeni, na siku mafundi walipoanza kuuchimba kweli, nyuma ya ofisi ya manispaa, sululu ikagonga ukuta. Haukuwa ukuta wa juzi wala wa jana. Mawe yake yalichongwa kwa mkono uliotulia, yakapakwa chokaa iliyokaza mpaka leo. Kazi ikasimama, akaitwa Mama Vigae.

Jina lake la shule watu walikuwa wamelisahau. Walimwita Mama Vigae kwa sababu kila alikopita aliinama kuokota vipande vya vyungu vilivyovunjika, akavipuliza vumbi na kuvitia mfukoni kama mtu aliyeokota pipi. Yeye ndiye alikuwa mwanaakiolojia pekee wa makumbusho ya mkoa, jengo ambalo wakati wa mvua lilivuja na wakati wa kiangazi lilifungwa ili liezekwe, na halikuezekwa. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, hivyo nyumbani aliishi zaidi na mama mkwe wake, muuza nyanya sokoni.

Akachimba taratibu kwa mwiko na brashi, mpaka kikatokea chumba kidogo chenye kuta safi. Pembeni mlikuwa na jiwe pana lililolazwa kama benchi, limesuguliwa likateleza, na katikati yake tundu la mviringo.

Mama Vigae alilitazama lile tundu kwa muda mrefu. Wazo alikuwa nalo, lakini katika kazi yake wazo bila ushahidi ni umbea tu. Akachota udongo wa chini ya tundu, akaufunga, akaupeleka maabara. Kwa watu akasema tu, "Tunasubiri majibu."

Meya hakuwa mtu wa kusubiri majibu. Alifika na waandishi wa habari, viatu vyake vyeupe vikishuka shimoni kwa tahadhari, nyuma yake afisa utamaduni akiwa amembebea koti.

"Hiki ni nini?" Meya akauliza.

"Bado tunachunguza, Mheshimiwa."

"Unachunguza nini? Mwenye macho haambiwi tazama. Hiki ni kiti cha enzi!" Akajipangusa suruali, akakaa. Kamera zikamulika. "Hapa, ndugu zangu, alikaa mfalme wetu. Na leo mnaona nani amekaa."

Mwandishi mmoja akauliza lile tundu ni la nini. Meya akamgeukia afisa utamaduni, naye hakukosa neno. "Hiyo ni ishara," akasema. "Mfalme wa zamani hakuwa na kificho. Juu wazi, chini wazi."

Mama Vigae akakohoa. Wakadhani ni vumbi.

Basi mji ukapata mfalme. Picha ya Meya juu ya kiti ikachapwa kwenye kalenda za manispaa. Kinyozi wa stendi akabadilisha kibao, akajiita Kinyozi wa Kasri. Wazee wa koo mbalimbali wakaanza kukumbuka undugu wao na mfalme, na kadiri mtu alivyokumbuka kwa kuchelewa ndivyo alivyokumbuka mengi. Ule mtaro ukasahaulika kabisa, na mabomba yake yakasimamishwa kuwa nguzo za uzio wa kasri.

Nyumbani, mama mkwe aliitundika kalenda juu ya meza ya kulia.

"Mwanangu, kumbe unafanya kazi kwenye nyumba ya mfalme na hunisimulii?"

"Mama, tusubiri kwanza."

"Tusubiri, tusubiri! Wenzako wote wamesema, wewe mwenye kazi ndiye uliyebanwa na kigugumizi." Akakaa, akavua viatu, miguu imevimba. Mama Vigae akamletea maji, na mama mkwe akayanywa yote bila kupumua, kama kawaida yake kila jioni. Sokoni hakunywa hata tone. Choo cha soko kilikuwa kimefungwa tangu paa lake lianguke, na mwenye hoteli ya jirani aliwafukuza akina mama wa mboga kama kuku walioingia jikoni. Kwa hiyo walijizoeza kukaa na kiu, wakitania kwamba wao ni ngamia. Daktari alishamwonya juu ya figo zake. Yeye alimjibu daktari kwamba figo hazijui habari za manispaa.

Majibu ya maabara yakaja. Katika udongo ule mlikuwa na mayai ya minyoo ya tumboni, mbegu za tikiti na miba ya samaki, vyote vikiwa vimepita njia moja. Wakati huohuo Mama Vigae alikuwa amefukua nyumba za jirani. Hazikuwa za wafalme. Moja ilikuwa ya mfinyanzi, kwa kuwa tanuri lake lilikuwa bado uani, na nyingine ya mhunzi. Na kila moja ilikuwa na chumba kidogo, benchi la jiwe, tundu, na mfereji wa kupeleka maji mbali na kisima.

Akaenda ofisini kwa Meya, akafunga mlango.

"Mheshimiwa, kile si kiti cha enzi."

"Ni cha waziri mkuu wake?"

"Ni maliwato."

Meya akatabasamu kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Sema Kiswahili cha kawaida."

"Choo, Mheshimiwa."

Meya akaitazama kalenda yake, akajiona alivyokaa, kidevu juu, mikono magotini. Lile pozi sasa lilikuwa na maana nyingine kabisa.

"Nani mwingine anajua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Maabara."

"Sikiliza, dada yangu. Jumamosi nafungua kasri, na manispaa jirani nimewaalika makusudi ili waumie. Wewe utasimama, utasema matumizi ya kiti bado yanachunguzwa. Huo si uongo, ni subira. Si ndiyo kazi yenu, subira?"

Mama Vigae akatoka. Alipima njiani. Kusema kulikuwa kumwaibisha mtu mkubwa mbele ya wageni wake. Kunyamaza kulikuwa kukalisha vizazi vijavyo juu ya choo wakisifu ufalme. Na makumbusho yalikuwa yakimtegemea Meya huyohuyo kwa paa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Akina mama wa soko waliacha meza zao wakaja, mama mkwe akiwa mbele kabisa, amevaa kitenge cha sherehe. Mama Vigae akapewa kipaza sauti. Akawaza kwamba mficha uchi hazai, akasema yote: minyoo, mbegu, mfereji, nyumba ya mfinyanzi.

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikashika kama moto kwenye majani makavu. Meya wa manispaa jirani alilazimika kushikiliwa asianguke kitini. Meya mwenyewe aliinamisha kichwa, akajifanya anasoma saa.

Mama mkwe hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Mwanangu, umesema kila nyumba ilikuwa nacho?"

"Kila nyumba tuliyoifukua, mama."

"Hata ya mfinyanzi?"

"Hata ya mfinyanzi."

"Hawa watu wa zamani, wasio na umeme, wasio na manispaa?" Akageuka, akawatazama wenzake. "Jamani, kwa hiyo sisi ndio washenzi?"

Kicheko kikafa. Akina mama wakasimama mmojammoja, na macho yao yote yakaenda mahali pamoja, kwa Meya. Meya akaona. Tumnyime yote, lakini kunusa upepo unakoelekea alijua. Akachukua kipaza sauti, akatunisha kifua.

"Ndugu zangu! Hii si aibu, hii ni sifa! Wakati wenzetu wa manispaa jirani wanakimbilia vichakani, sisi tulikuwa na choo cha ndani! Sisi ndio walimu wa usafi! Na kwa kuenzi urithi huo, wiki ijayo tunaanza kujenga choo cha soko!"

Wakapiga makofi, ila hawakuketi. Ikabidi ajenge kweli.

Wiki iliyofuata mafundi wakachimba msingi karibu na meza za nyanya, na sululu ikagonga ukuta mwingine. Meya aliposikia alifika mbio, uso umemng'aa kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Simamisheni! Huu ni urithi, sheria hairuhusu mtu kugusa. Si kweli, Mama Vigae? Kazi hii ni ya miaka. Akina mama, mimi nilitaka, lakini mababu wamekataa."

Wote wakamtazama Mama Vigae. Kwa sheria Meya alikuwa sahihi, na kwa moyo wa kazi yake alitamani ule ukuta kuliko chakula. Akashuka shimoni, akaupapasa. Ulikuwa kona ya ghala, akakisia, wa aina ambayo alishaiona mara nyingi.

"Sheria inaruhusu uchimbaji wa dharura," akasema. "Tunaufukua, tunaupima, tunaupiga picha, kisha tunausogeza msingi upande. Nikiwa peke yangu, ni miaka kweli. Nikipata mikono, ni siku chache."

"Mikono ya nani?" Meya akauliza.

Mama mkwe alikuwa tayari anakunja kitenge. Nyuma yake akashuka muuza vitunguu, kisha muuza dagaa, na shimo likajaa wanawake wakipitishiana ndoo za udongo na kubishana kama kigae fulani kilikuwa cha chungu cha wali au cha mboga. Mama Vigae aliwafundisha kushika brashi. Muuza dagaa alivunja chungu kizuri, akaomba radhi kwa aliyekifinyanga.

Makao makuu ya makumbusho yalimwandikia Mama Vigae onyo kali kwa kuingiza "watu wasio na taaluma" katika eneo la kale. Paa la makumbusho halikupatikana. Yeye alisema moyo ulimuuma kidogo, halafu akarudi kuosha vigae vyake, maana vilikuwa vingi.

Choo kilipokamilika, Meya alikuja kukata utepe. Alianza na mababu, akaja kwenye ustaarabu, akaingia kwenye chimbuko la binadamu wote duniani, ambalo kwa hesabu zake halikuwa mbali na pale. Alipofumba macho kwa hisia, mama mkwe aliinama, akapita chini ya utepe, akaingia, akafunga mlango. Wenzake wakajipanga mstari nyuma yake, wakimsikiliza Meya kwa heshima zote.