Mlango wa Gregory

Jumatatu asubuhi Zipora aliwasha kompyuta ya steshenari yao, pale Kahama, akakuta alama tatu mahali alipozoea kuona moja. Zote za kivinjari kilekile, ila kila moja ina jina chini yake: Duka, Gregory, Mama Blessing.

"Nimetengeneza profaili jana," alisema Gregory, mumewe, akijaza karatasi kwenye mashine ya kopi. "Kila mtu na mlango wake. Unabofya jina lako, unaingia kwako. Wateja wote wapitie Duka."

Sababu alikuwa nayo, tena nzuri. Mwezi uliopita mchimbaji mmoja aliomba kazi mgodini hapo dukani, maombi yakaenda kwa barua pepe ya Euphrasia muuza mchele, ambaye alikuwa ameiacha wazi. Mama wa watu akaitwa kwenye usaili wa kulipua miamba. Soko zima lilicheka.

Zipora hakucheka. Miaka tisa wanatumia kitanda kimoja na kompyuta moja, leo mlango wako, mlango wangu? Akufukuzaye hakwambii toka. Tena tangu juzi akimsogelea tu, Gregory anafunga ukurasa. Ukimuuliza, eti matangazo. Matangazo gani hayo ya kumtoa mtu jasho?

Na usimwone Zipora malaika, naye alikuwa na lake. Cheti chake cha ualimu kilikuwa kinaozea sandukuni tangu aolewe, na Gregory alishatamka mbele ya mama yake kwamba ng'ombe kumi na tano wa mahari hawakuswagwa mpaka Didia kwa wakwe ili mke akaishi mbali naye. Basi Zipora aliomba kazi kimyakimya, shule moja ya binafsi huko Chato, kando ya ziwa. Dukani kwao maneno ya siri yote, ya wateja na ya wenyewe, huandikwa kwenye daftari la kaunta, maana watu husahau. La barua pepe yake hakuliandika. Aliiachia kompyuta ilikumbuke, kisha yeye mwenyewe akalisahau. Na simu yake ni kitochi, ya kupiga na kupokea tu.

Sasa alipobofya Mama Blessing, alikuta kweupe. Mlango mpya haukumbuki kitu. Akajaribu jina la mtoto, akajaribu mwaka wa harusi, kompyuta ikakataa. Amuulize Gregory? Amwambie anatafuta nini?

Akakaa na kiherehere chake siku kadhaa, na kila siku mashaka yalinenepa. Euphrasia akija kutoa kopi, Zipora anahesabu mara ngapi Gregory ametabasamu. Jumatano ya wiki ya pili Gregory akasema anakwenda Geita kuchukua wino. Wino wa Geita una nini ambacho wa Kahama hauna? Alipotoka tu, Zipora akasubiri wateja wapungue, akabofya Gregory.

Alitegemea kuulizwa neno la siri. Hakuulizwa. Kumbe mlango ule ulikuwa jina tu, kufuli hauna.

Alimtafuta Euphrasia humo, akakuta jina lake mwenyewe. Gregory alikuwa amejichukulia ule mlango wa zamani, na kila kitu kompyuta ilichokikumbuka kilibaki humo, pamoja na barua pepe ya mkewe. Juu kabisa palikuwa na barua ya shule: aje kwenye usaili, Ijumaa, yaani keshokutwa, saa tatu asubuhi. Barua isiyofunguliwa huwa na herufi nene. Za hii zilikuwa nyembamba, mtu ameshaisoma. Ilifika Jumamosi, na milango ikatengenezwa Jumapili.

Zipora aliona aibu, kwa sababu alikuja kuvizia. Lakini uchungu uliishinda aibu.

Gregory aliporudi na katoni ya wino, alikuta kioo cha kompyuta kimegeuzwa kumwelekea.

"Baba Blessing, hii uliisoma lini?"

Alitua katoni. "Jumamosi ileile."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Umeomba kazi kama mtu anayetoroka."

"Nilikuficha, ni kweli. Hilo kosa langu," alisema Zipora. "Na kama nisingekuambia, Ijumaa ingepita hivihivi?"

Gregory alianza kukata gundi ya katoni kwa ufunguo. Aliikata yote, upande huu na upande ule.

Zipora akageuza kioo, akabadilisha neno la siri la barua pepe yake palepale, lile la zamani kompyuta ikimjazia yenyewe. Gregory alipoona anabadilisha, mkono wake ulifanya ulivyozoea: ukamsogezea daftari la kaunta, likiwa wazi, na kalamu juu yake.

"Basi la Chato linaondoka saa ngapi kesho?" Zipora aliuliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi."

Akalifunga daftari bila kuandika kitu, akamrudishia.