Dereva wa Lori la Abisinia

Picha yenyewe haikuzidi ukubwa wa kadi ya kura, lakini ukoo mzima uliijua kwa moyo: askari watatu mbele ya lori, na nyuma yao nchi kavu ya Abisinia isiyo na mti. Yule mrefu, mkono juu ya boneti, ndiye Gaspard, aliyeondoka Kiringye kwenda kuendesha malori ya jeshi na hakurudi tena. Binti yake Pétronille alikuwa bado tumboni. Sasa Pétronille ni bibi mwenye vitukuu, na Jumapili hii baba yake angesomewa misa na kuwekewa msalaba, picha yake kubwa ikibebwa mbele ya watu.

Kuikuza ilikuwa kazi ya Noella, mjukuu wa Pétronille, mwenye studio ya picha Kilibula. Siku chache kabla ya misa, asubuhi, bibi alikuja mwenyewe, pamoja na mwanawe Patient, mjomba wa Noella, mtu mrefu kama yule wa pichani, akaketi wima mbele ya kompyuta kama mtu anayengojea mgeni.

"Kata tu yule mrefu umukuze," Patient alisema. "Hata kipofu ataona ile sura ni yangu."

Noella akaivuta picha karibu. Vitambaa vilizungushwa miguuni kutoka magotini, na chini yake nyayo zilikuwa tupu. Walivuka nchi ngapi kwa nyayo zile? Kisha akaona mikoba ya risasi viunoni, na bunduki ndefu zilizofika vifuani.

"Tonton, hawa wote ni askari wa miguu. Dereva atajikunja namna gani kwenye usukani na mzigo huo?"

"Weye ulipigana vita gani? Dereva akipigwa picha, mukono unakuwa juu ya gari yake. Iko wazi!"

Kweli, kila dereva wa njia ya Bwegera hupigwa picha hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuliza.

"Tonton anatetea ule urefu wake tu," Noella alisema.

"Nyamazeni," bibi alisema. "Kama si yeye, basi papa yangu iko wapi? Minye sitaki kubebewa papa ya wengine."

Noella akakitafuta kiti cha dereva, upande wa kushoto wa lori, kama magari ya Wabelgiji. Kilikuwa kitupu. Akakuza zaidi. Kilikuwa kitupu kwa sababu hapakuwa na usukani pale.

"Lori la Waingereza," alisema polepole. "Kule askari wetu walipigana pamoja nao. Usukani uko kulia!"

Upande wa kulia, nyuma ya kioo, palikuwa na doa jeupe ambalo wote walidhani ni ukungu wa karatasi. Noella akapunguza mwanga, akaongeza giza kidogo kidogo. Doa likafunguka. Likatoka paji la uso, yakatoka macho, ukatoka mdomo uliokuwa karibu kucheka. Mikono ya shati imekunjwa, vidole vimeshika usukani, kifuani hakuna bunduki. Na masikio! Yamesimama wazi pande zote mbili za kichwa.

Noella aligeuka kumtazama bibi, Patient naye akageuka. Masikio yale yale yalikuwa pale kitini.

"Eh, Mama," Patient alisema, akavua kofia yake.

Pétronille alisogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo cha kompyuta. Muda wote wa maisha yake alikuwa amemwombea mzee, mtu mzima wa kuogopwa, mwenye sauti nzito.

"Iko mutoto," alinong'ona. "Angalieni. Papa yangu iko mudogo kuliko wajukuu yangu."

Akaweka kiganja juu ya uso ule, akaukinga, kama unavyokingwa uso wa mtoto juani.

"Basi nimkate huyu, Bibi?" Noella aliuliza.

"Usikate mutu. Hawa watatu ndio walimujua. Chapa wote."