Alfodi na Santuri Yenye Mkwaruzo

Alfodi Pinoki alizaliwa Jamaika, akapiga saksafoni London miaka tisa, soul na rege, kwenye santuri za watu ambao sura zao ndo zilikaa kwenye kava. Jina lake yeye halikuandikwa popote. Mwaka 1975 akaja Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi karibu na Mpanda, kufundisha ufundi wa trekta, kazi yake ya pili, na sasa mkataba umebakiza wiki mbili. Bendi ya Mpanda ikimchukua, anabaki. Ikimkataa, anarudi kwenye baridi, na kazi hana.

Akaenda Ilembo, mtaa wa Mpanda, kwenye majaribio. Mkuu wa bendi, mzee Fabiani, hakujua nota hata moja, ila masikio anayo. Nyimbo zote walijifunza kwenye gramafoni, na santuri ya rege walikuwa nayo moja tu, wameipiga mpaka imechoka.

Wakaanza na wimbo wa santuri hiyo. Alfodi akacheka kimoyomoyo. Saksafoni ya wimbo ule aliipiga yeye, siku ana mafua. Akafumba macho, akaimwaga yote kama siku ile.

Wanabendi wakaacha kupiga, mmoja mmoja.

"Umeruka, kijana," Fabiani akasema. "Pale katikati ni mara tatu. Ti-ra-ra, ti-ra-ra, ti-ra-ra, ndo unashuka."

"Ni mara moja, mzee. Huo nilipiga mimi."

"Na mimi ndo nilimbatiza Papa," akasema Sixte wa ngoma. "Nyie wa Katumba mna mambo."

Mtu mweusi, katoka Katumba, Kiswahili kinayumba: walishajua ni Mrundi.

Wakaleta santuri. Sindano ikafika kwenye mkwaruzo, ikarudi, ikarudi tena, ikapita. Alfodi akawaonesha mkwaruzo kwa kidole. Fabiani akauangalia kwa heshima.

"Ndo alivyopiga mwenyewe. Sisi hatumsahihishi Mjamaika."

Alfodi akaifikiria baridi ya London. Akapiga mara tatu. Wakamchukua.

Jumapili kwenye bugi, dansi la mchana, ukumbi ulifurika. Ilipofika pale katikati, watu wote wakaruka kwa mguu mmoja mara tatu. Skolastika muuza togwa aliacha ndoo yake, naye akaruka. London, kipande hicho kikifika, watu walikuwa wanaenda kununua bia.

Wakataka tena, akarudia. Fabiani akamwinamia sikioni.

"Unaanza kumkaribia yule wa kwenye santuri. Kama mwaka mmoja hivi, utamfikia."

"Asante, mzee," Alfodi akasema, na Jumatatu akawahi mazoezi kuliko wote.